Picha ya Kifua cha Mwana wa Kache

Daktari wetu alikuwa bingwa wa maiti, kasoro yake moja tu: hakupenda kukaa nazo karibu. Harufu ilimpa kichefuchefu, na kisu cha kupasulia alikishika kwa vidole viwili kama mtu aliyekabidhiwa panya. Kwa hivyo siku alipogundua kwamba ile mashine ya eksirei iliyoachwa na jeshi pale Changamwe inaweza kumpiga picha hata mtu aliyekwisha kufa, alifurahi mno. Maiti, alisema, ndiye mgonjwa bora. Ukimwambia asitikisike, hatikisiki.

Mwendesha mashine nilikuwa mimi. Jina langu Elkana, mzaliwa wa Frere Town, nimesomeshwa na wamishenari mpaka Kiingereza kikanikaa kichwani. Kazi yangu ilikuwa kumlaza mtu, kubonyeza, kisha kuingia chumba cha giza kuosha filamu. Kazi ya daktari ilikuwa kuipokea filamu iliyokwisha kuoshwa, kuiinua dirishani, na kujua kila kitu.

"Elkana," aliniambia siku moja, "nyeusi ni hewa, nyeupe ni nyama na mfupa. Ukishika hilo, umemaliza udaktari."

Nilidhani anafanya mzaha. Baadaye nikaja kushuku kwamba yeye kweli alikuwa amemalizia hapo.

Basi mwaka wa arobaini na sita, vita vimekwisha na sukari bado haijarudi madukani, polisi walituletea sanduku dogo lililokuwa la sabuni. Ndani mlikuwa na mtoto mchanga wa kiume, amezungushiwa kipande cha kanga. Alikuwa amezikwa asubuhi ya jana yake nyuma ya nyumba moja kule Magongo, na jioni ile ile akafukuliwa. Mamake alikuwa Kache, mjane wa miaka ishirini. Mumewe, Kitsao, alikuwa mpakuzi wa meli pale Kipevu, na mzigo ulimwangukia miezi mitano kabla mwanawe hajazaliwa.

Aliyekwenda kushtaki polisi alikuwa Garama, kakake marehemu. Huyu Garama alikuwa mtu wa huruma kupita kiasi. Arubaini ya ndugu yake haijaisha, yeye alikuwa amekwisha kumjia Kache kumwambia kwamba mila inamtaka amrithi, na kwamba yeye binafsi hana kinyongo na mila. Kache akamwambia aende zake. Akarudi na wazee, akaambiwa vivyo hivyo mbele ya wazee. Sasa mtoto alipozaliwa na kuzikwa siku moja, Garama aliyaona mambo yote wazi: mwanamke amemuua mtoto ili asibakie na kamba yoyote ya kumfunga kwao. Alilia machozi kituoni, naambiwa, mpaka karani akampa kiti.

Kache alisema mtoto alitoka kimya. Hakulia, hakupumua, hakufungua jicho. Alizaa peke yake, akamzika peke yake, hapakuwa na mtu. Polisi walimuuliza mara nne, na mara zote nne akasema hapakuwa na mtu.

"Hapo ndipo sayansi inapoingia," daktari akasema, akisugua mikono.

Alikuwa amesoma katika jarida lake moja la kutoka Ulaya. Mtoto aliyezaliwa mfu mapafu yake hayajawahi kuingiwa na hewa, kwa hivyo kwenye picha kifua huwa cheupe chote. Mtoto aliyepumua, hata mara chache, mapafu huonyesha weusi. Hakuna kupasua, hakuna harufu, hakuna kuchafua mikono. Nikamlaza yule mtoto juu ya meza, na sitaki kusema uongo, nilimlaza polepole kama aliyesinzia, maana nami nina mtoto, Thoya, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Nikabonyeza.

Filamu ilitoka safi. Ndiyo picha bora niliyopata kupiga maishani mwangu, na niliitazama ikining'inia ikichuruzika maji nikajisifu peke yangu. Mbavu nyembamba kama miba ya samaki, kila moja mahali pake. Na baina ya mbavu, pande zote mbili, weusi.

Daktari aliiinua dirishani. Hakuchukua muda mrefu kuliko mtu anayetazama saa.

"Alipumua," akasema. "Alikuwa hai. Basi ameuawa."

Hiyo "basi" ya katikati ndiyo iliyompeleka Kache rumande. Shtaka: mauaji. Na mauaji, siku zile, hayakuwa na adhabu mbili.

Jioni nilifika nyumbani nikamsimulia mke wangu Margaret, tena kwa madaha, jinsi picha yangu ilivyoamua kesi. Margaret alikuwa akipepeta mchele. Akaacha. Akaniangalia kwa namna ambayo mwanamume akiangaliwa hivyo na mkewe huanza kujikagua kama amevaa suruali.

"Baba Thoya, wewe wajua mtoto akitoka hapumui, mkunga hufanyaje?"

"Nitajuaje mimi mambo ya wakunga?"

"Humpulizia. Hutia mdomo wake juu ya mdomo na pua ya mtoto, akapuliza. Wewe mwenyewe umezaliwa umepulizwa, mamako hakukwambia?" Akaanza tena kupepeta. "Mamangu alikuwako kwa Kache. Alimpulizia yule mtoto mpaka jua likapanda."

Nilikaa chini. Picha bora niliyopata kupiga ilikuwa imepiga pumzi ya mama mkwe wangu.

Naye mama mkwe wangu, Nyamvula, hakuwa mtu wa kujitokeza. Mwaka uliopita serikali ilikuwa imetangaza kwamba hakuna mkunga bila cheti. Cheti kilitolewa kwa aliyesomea, na aliyesomea ni aliyejua kusoma. Nyamvula alikuwa amezalisha nusu ya Magongo, pamoja na askari mmoja aliyekuja kumkamata. Alionywa na hakimu kwamba akishikwa tena, ni jela. Ndiyo maana Kache alikuwa akisema hapakuwa na mtu. Binti wa watu alikuwa tayari kunyongwa kuliko kumtaja bibi aliyehangaika na mwanawe.

Kesho yake nilikwenda Magongo na Margaret. Sasa hapa lazima nieleze, maana kuna watu wa siku hizi wanaosalimiana na mama wakwe zao kwa kupeana mikono kama wanasiasa. Kwetu mavyaa hatazamwi usoni. Humpiti njiani, huli mbele yake, na mambo ya uzazi ndiyo kabisa, huyataji hata akiwa mtaa wa pili. Mimi nilikuwa nimekwenda kumuuliza mambo ya mdomo wake na kifua cha mtoto aliyetoka tumboni.

Nikakaa kibarazani nimeupa mlango mgongo. Yeye akakaa ndani nyuma ya mlango. Margaret akakaa kizingitini, katikati yetu, kama karani wa posta.

"Muulize mamako," nikasema, nikiutazama mpapai, "kama, kwa heshima zote, ni kweli alimpuliza mtoto."

"Mwambie mumeo," sauti ikatoka ndani, hatua tatu kutoka kisogoni pangu, "kwamba nimesikia mashine yake inajua zaidi."

Margaret hakujisumbua kurudia.

"Muulize alipuliza vipi."

"Mwambie nilimsafisha kinywa kwa kidole, nikapuliza kwa pumzi ya shavu, si ya kifua. Ya kifua humpasua mtoto. Kifua kikapanda, kikashuka. Kikapanda, kikashuka. Lakini kilikuwa kikipanda kwa pumzi yangu mimi. Nikiacha, kinaacha. Moyo nilikuwa nimeuwekea kidole, haukugonga hata mara moja. Mwambie niliendelea kwa sababu Kache alikuwa akinitazama."

Nilisahau adabu, nikageuka. Nikauona uso wa mavyaa kwa mara ya kwanza tangu harusi. Alikuwa akilia, bila sauti, na hakuwa na haraka ya kujipangusa. Nikageukia mpapai wangu tena.

"Muulize kama atakubali kusema haya mbele ya hakimu."

"Mwambie hakimu ataamini picha. Mwambie mimi sina picha."

Hapo ndipo nilipopata wazo, na ni wazo ambalo mtu mwenye kazi ya serikali hapaswi kulipata.

Kule Likoni nilikuwa na rafiki yangu Mbwana, mchinjaji. Nikamwendea nikamwambia nataka mtoto wa mbuzi aliyetoka tumboni mwa mama aliyechinjwa, asiyewahi kuvuta pumzi hata moja. Mbwana alinitazama sana. Akaniuliza kama wamishenari wameanza dini nyingine.

"Wallahi mimi sichinji mwenye mimba kwa makusudi," akasema. "Ila hutokea mara moja moja, mtu analeta mbuzi kaapa hana kitu, ukimpasua unamkuta mtoto. Likinipata hilo nitakuita."

Likampata Jumamosi ya pili. Nikavuka kivuko na kikapu, mbuzi chini, mabamia juu, karibu na mama mmoja aliyetaka sana kuyanunua yale mabamia. Nikamwambia ni ya mgonjwa. Akaniombea mgonjwa wangu apone.

Jumapili asubuhi daktari alikuwa amekwenda Nyali kuogelea, nami nilitakiwa niwe kanisani. Nilifungua chumba cha mashine, nikamlaza mbuzi mahali pale pale nilipomlaza mtoto. Nikapiga picha ya kwanza. Kisha nikamkaribisha mavyaa. Alikuwa amekuja na Margaret, amejifunika kanga mpaka puani.

Alimtazama mbuzi. Akamtazama Margaret.

"Mwambie mumeo," akasema, "kwamba haya nitayafanya mara moja tu, na asiwasimulie watoto."

Akajifunua uso, akamsafisha mbuzi kinywa kwa kidole, akainama. Mimi, ambaye sikuruhusiwa hata kumwona akinywa uji, nikasimama hapo nikimtazama mama mkwe wangu akipuliza pua za mbuzi mfu. Kifua cha mbuzi kikapanda, kikashuka. Nikapiga ya pili.

Katika chumba cha giza nilizitia filamu zote mbili katika dawa pamoja. Nikangoja. Ya kwanza ikatoka: mbavu, na baina ya mbavu, weupe mtupu. Ya pili ikatoka: mbavu zile zile, na baina ya mbavu, weusi pande zote mbili. Ningekuwa kanisani nisingeshukuru zaidi.

Jumatatu nikampelekea daktari, nikaanza kumweleza habari za mkunga na kupuliza. Alizitazama kwa muda mrefu, na kwa dakika moja nilidhani nimemwonea bure maisha yote.

"Elkana," akasema hatimaye, "umetumia filamu mbili za serikali kwa mbuzi?"

"Ndiyo, bwana. Lakini bwana akitazama..."

"Mbuzi si mtu. Na mkunga hakuwako, mshtakiwa mwenyewe amesema. Ukileta mambo haya mahakamani, utatafuta kazi kwa huyo mchinjaji."

Nikasema ndiyo, bwana. Nikazirudisha filamu kwenye bahasha, na bahasha nikaitia ndani ya shati.

Siku ya kesi, iliyokuwa ya kuamua kama Kache apelekwe Mahakama Kuu, chumba kilijaa. Garama alikaa mbele, amevaa kanzu nyeupe ya msiba iliyopigwa pasi vizuri mno. Kache alisimama kizimbani, amekonda, maziwa yamemlowesha kanga kifuani bila mtoto wa kuyanyonya, na hakuna aliyempa kitu cha kujifutia. Hakimu alikuwa mzungu mzee, macho nusu yamefumba. Kila mtu alisema analala.

Daktari alieleza sayansi kwa muda wa saa nzima. Kisha nikaitwa mimi, kwa neno moja tu: kuapa kwamba picha ile ni ya mtoto yule na si ya mwingine. Nikaapa. Mwendesha mashtaka akaniambia niteremke.

Sikuteremka. Miguu ilitaka, mimi nikaikataza. Nikatoa bahasha shatini, nikamwambia hakimu kwamba nina picha nyingine mbili nilizozipiga kwa mashine ile ile, na namwomba azione. Daktari akasimama kuzuia, lakini hakimu alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Nikamsogelea, nikamnong'oneza kwa Kiingereza changu cha misheni ni picha za nini, na jinsi nilivyozipata. Jicho moja la hakimu likafumbuka lote.

"Daktari," akasema, akiichagua ile ya pili, "hebu nisaidie. Kiumbe huyu alivuta pumzi, au hakuvuta?"

Daktari aliiona, akaitambua kuwa ni ya yule mbuzi wangu, lakini maelezo yangu juu yake hakuwa ameyasikiliza mpaka mwisho. Na mtu wa sayansi hasemi sijui mbele ya watu. Akaiinua dirishani.

"Huyu alivuta pumzi," akasema. "Bila shaka yoyote. Bila shaka huyu ni mbuzi aliyezaliwa hai."

"Huyu," hakimu akasema, "alitolewa tumboni mwa mamake baada ya mamake kuchinjwa, akakaa usiku kucha ndani ya kikapu cha mabamia. Kisha mtu akampuliza."

Mkalimani akatafsiri, na watu wakaanza kucheka, mpaka askari akawanyamazisha. Kache hakucheka. Alikuwa amenikazia macho kwa hofu, kwani alijua naelekea wapi.

"Lakini mbuzi hunionyesha tu kwamba jambo linawezekana," hakimu akaendelea. "Haonyeshi kwamba lilitendeka. Mwanamke, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Nani alikuwa nawe?"

"Hapakuwa na mtu," Kache akasema.

"Waelewa kwamba ukijibu hivyo, sina budi kukupeleka Mahakama Kuu?"

"Naelewa. Hapakuwa na mtu."

Mimi nilikuwa na jina mdomoni. Nasema kweli, lilikuwa ulimini, na sikulitoa. Nilimfikiria Margaret, nikaifikiria jela, nikafikiria kazi yangu, na nilipokuwa ningali nafikiria, huko nyuma benchi likalia.

"Nilikuwako," Nyamvula akasema. Alikuwa amesimama, kanga ameishusha mabegani, uso wazi mbele ya umma wote na mbele ya mkwewe. "Mimi ndiye niliyempulizia. Mtoto yule hakupata kuvuta pumzi yake mwenyewe. Niliuwekea moyo wake kidole changu hiki. Muacheni mtoto wa watu aende kwao."

Kache aliinamia kizimba akalia kwa sauti. Tangu akamatwe, wakasema askari, hakuwa amelia.

Hakimu akamwachilia pale pale. Akasema hakuna kesi ya kupelekwa popote. Kisha, kwa sauti ile ile ya upole, akamgeukia Nyamvula akamwambia kwamba mahakama inamshukuru kwa ukweli wake, na kwamba kwa ukweli huo huo amekiri kuzalisha bila cheti baada ya kuonywa, basi miezi miwili. Sheria yetu ilikuwa na adabu sana, ilisema asante kwanza. Garama aliondoka kabla ya watu kusimama, na kanzu yake.

Na daktari? Msiwe na wasiwasi naye. Nyamvula alipokuwa akingojea gari la jela, daktari alimfuata uani na mkalimani na daftari, akamuuliza kichwa cha mtoto hukishika vipi, na pumzi ya shavu hupimwa vipi, na huchukua muda gani. Nyamvula akamjibu yote kwa utaratibu, kwani alidhani pengine kuna mtoto atafaidika. Mwaka uliofuata jarida la Ulaya likatoka na makala ya daktari kuhusu hatari ya kuamini picha ya mapafu pekee. Picha zangu mbili zimo. Chini yake imeandikwa mbuzi, Changamwe. Mimi sikufukuzwa, nilipewa barua ya onyo kwa kupoteza filamu.

Kache alinijia pale kazini wiki moja baadaye. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia, akanisalimu kwa heshima, nami nikaitikia nikingoja anishukuru. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha maneno ya kusema si kitu.

"Nimekuja kuchukua picha ya mwanangu," akasema.

Nikamweleza kwamba ile si picha ya namna hiyo. Haina sura, ni mifupa tu na kivuli, tena ni mali ya serikali, imo katika faili. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Babake hakupigwa picha kamwe," akasema. "Mwanangu anayo moja. Nipe niione."

Nikaifungua kabati, nikampa. Hakujua inavyoshikwa, akaishika kama barua. Nikamwonyesha, nikauinua mkono wake kuelekea dirishani, na mbavu zikatokea. Aliitazama muda mrefu, kidole kikipita juu ya ubavu mmoja hadi mwingine. Kisha kikasimama pale penye weusi.

"Hii ndiyo pumzi ya mama Nyamvula?"

"Ndiyo," nikasema. "Hiyo ndiyo hewa aliyompa."

"Na yake mwenyewe ni ipi?"

Nikalifungua dirisha, mwanga uingie zaidi. Yeye akaendelea kutafuta, akaigeuza filamu upande wa pili, akaiinua tena kwenye mwanga.